Safari ya meli kwa familia isiyopenda kuongozwa: soma bandari na saa kabla ya kulipa

Mteja wetu mmoja, mama wa watoto wawili anayeishi Nakuru, alitupigia simu na swali lililoonekana rahisi. Alikuwa ameona tangazo la safari ya meli ya kitalii kwenye bahari ya Mediterania: siku saba, bandari tano, dola 600 kwa mtu. Yeye na mume wake walikuwa wameweka akiba kwa karibu miaka mitatu. Alitaka tu kujua kama anaweza kulipa kwa simu.

Anaweza, na tutaeleza jinsi gani. Lakini tulipoendelea kuongea alitaja jambo lililotufanya tusite kidogo. Alisema wao si watu wa kufuata kijibendera, yaani kile ambacho mwongozaji huinua juu ili kundi la watalii lisipotee. Wakienda Mombasa hupanda matatu na tuktuk, hula viazi karai kando ya barabara, na watoto ndio huchagua pa kwenda siku inayofuata. Sasa watu kama hao wataweza meli yenye abiria elfu tatu kweli?

Wataweza, na huenda wakaipenda kuliko hoteli. Unafungua mabegi mara moja tu. Unalala, na ukiamka uko mji mwingine bila kupanga foleni ya basi wala kubeba mtoto aliyelala. Chakula cha jioni kinakusubiri. Mchana ni wako. Lakini hii ni kama umechagua safari inayofaa. Ukikosea, utatumia akiba ya miaka mitatu kutazama miji kupitia dirisha la basi. Watu wengi huchagua kwa kuangalia meli yenyewe: ina slaidi ngapi za maji, ina ghorofa ngapi. Kwa familia inayopenda kujipangia, tunaona hiyo ni njia ya nyuma-mbele. Kilicho muhimu ni ratiba, kile kijikaratasi chenye majina ya bandari na saa.

Hatuuzi safari za meli na hatupati chochote ukinunua moja. Tunachoona sisi ni upande wa malipo, na hapo ndipo majuto mengi huanzia.

Jina la mji kwenye tangazo

Ukisoma "Roma" kwenye ratiba, jua kwamba meli haifiki Roma. Inatia nanga Civitavecchia, mji wa bandari ulio karibu kilomita 70 kutoka Roma. "Florence" maana yake mara nyingi ni bandari ya Livorno, na kutoka hapo treni huchukua zaidi ya saa nzima. Pisa iko karibu zaidi na Livorno, takriban dakika 20 kwa treni, kwa hiyo familia yenye watoto wadogo inaweza kuusahau mji wa Florence siku hiyo, ikaenda kuona mnara ulioinama na kurudi bila kukimbizana na saa.

Kuna bandari ambazo ni zawadi kwa mtu anayetaka kutembea mwenyewe. Naples, meli husimama karibu na katikati ya mji. Unavuka barabara tu na uko Naples, na treni ya Circumvesuviana inakufikisha Pompeii kwa takriban dakika 40. Valletta kule Malta, unatoka melini na lifti ya umma inakupandisha juu hadi kwenye bustani za Upper Barrakka. Kotor kule Montenegro, mji wa kale uko mbele ya gati, ukuta wake unauona kutoka sitahani. Barcelona nako, basi fupi linakuvusha kutoka gatini hadi kwenye sanamu ya Columbus, na hapo unaanza kupanda La Rambla kwa miguu.

Halafu kuna bandari ambazo meli haifiki gatini kabisa. Santorini ni mfano unaojulikana. Meli husimama majini na abiria hushushwa kwa mashua ndogo, kisha wanapanda mlima kwa gari la kamba, kwa punda, au kwa ngazi. Pahali kama hapo, waliolipia ziara za meli mara nyingi ndio hushushwa kwanza. Wewe unayejipangia unachukua namba na kungoja. Ukiwa na mtoto wa miaka minne kwenye jua la Julai, hiyo namba itakuwa ndefu.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, andika majina ya bandari zote. Kwa kila moja tafuta mambo mawili kwenye ramani ya simu yako: meli inasimama wapi hasa, na stesheni au kituo cha basi kiko umbali gani. Kazi hii inachukua jioni moja. Wape watoto wakubwa waifanye, wataipenda, na siku ya safari wao ndio watakuwa waongozaji wenu.

Masaa kumi na mawili ambayo ni matano

Ratiba za meli zimeandikwa kwa saa za kizungu, 07:00 hadi 19:00. Kwetu hiyo ni saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, na ukiangalia haraka unaona masaa kumi na mawili ya kuzunguka Roma. Hebu tuyahesabu.

Meli inafika saa moja, lakini mpaka ruhusa itoke na lifti zipungue watu, mtakuwa mmeshuka karibu saa mbili. Kuna basi la kutoka gatini hadi nje ya bandari, kisha kufika stesheni, kisha kungoja treni. Treni yenyewe ni kama saa nzima au zaidi kidogo. Mkifika Roma ni saa nne asubuhi. Jioni, saa ya mwisho ya kuwa ndani ya meli huwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga, tuseme saa kumi na mbili. Mtu mwenye akili timamu anataka kuwa tayari bandarini saa kumi na moja, ili treni ikichelewa asife kwa presha. Ina maana mtoke Roma saa tisa. Hayo ni masaa matano, na ndani yake watoto watataka kula na kwenda choo mara tatu.

Masaa matano Roma si mabaya. Ukijua ni matano unachagua vitu viwili unavifurahia. Ukidhani ni kumi na mawili unapanga vitu saba, na siku inakuwa vita.

Uliza pia kama saa ya meli ni sawa na saa ya nchi kavu. Kuna meli ambazo hubaki na saa yake hata bandari ikiwa na saa nyingine. Simu yako itajibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi, halafu wewe unatembea ukiamini simu. Saa ya kawaida ya mkononi, ile ya betri, inaokoa hapa.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu meli haikungoji. Ukiwa kwenye ziara iliyouzwa na meli na basi likachelewa, kwa kawaida kampuni hungoja au hugharamia kukufikisha bandari inayofuata. Ukiwa peke yako, hilo ni lako. Mnamo Machi 2024, abiria 8 waliokuwa kwenye ziara ya kibinafsi kisiwani São Tomé, hapa hapa Afrika, walichelewa na meli ikaondoka. Miongoni mwao walikuwamo wazee na mama mjamzito. Waliiandama meli kupitia nchi kadhaa kabla ya kuipata Senegal. Kilichotugusa sisi, watu wa malipo, ni maelezo ambayo baadhi yao walivipa vyombo vya habari: kwamba kisiwani ni benki moja tu iliyokubali kadi yao kwenye mashine ya pesa, na kwamba ni wao wawili tu waliokuwa na kadi ya kutolea pesa. Wakawa ndio wanaowalipia chakula na malazi watu wote wanane.

Hatusemi hivi kuwatisha msijitembeze. Kujitembeza ndiyo sababu ya kwenda. Ila kila mtu mzima anaposhuka awe na nakala ya pasipoti, namba ya simu ya wakala wa bandari (huwa imeandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku melini), noti chache za dola au yuro, na kadi yake mwenyewe. Baba asibebe kadi zote kwenye pochi moja.

Sasa meli yenyewe

Ratiba ikishakubalika, ndipo uangalie meli. Hapa mambo ni machache.

La kwanza ni chakula cha jioni. Meli nyingi bado zina mtindo wa zamani, meza ileile na saa ileile kila jioni. Kwa familia inayorudi mjini ikiwa imechoka na mtoto amelala begani, hiyo ni adhabu. Norwegian Cruise Line ilianza mwaka 2000 mtindo ilioita Freestyle Cruising, unakula saa unayotaka kati ya saa walizoweka, na kampuni nyingine nyingi sasa zina chaguo kama hilo. Lazima uliombe wakati wa kuweka nafasi, si siku ya kupanda.

La pili ni siku za baharini, ambazo meli haisimami popote. Siku moja katikati ya wiki ni nzuri, watu wapumzike. Tatu katika wiki, kwa familia isiyopenda kukaa, ni nyingi. Hapo watoto wataanza kusema wameboeka na wewe utaanza kununua vitu ili wanyamaze. Angalia pia kama mojawapo ya hizo "bandari" ni kisiwa cha kampuni yenyewe. Huko hakuna mji wa kuuona. Ni ufuo mzuri, viti na baa, na kwa upande wa malipo bado uko melini.

Ukubwa wa meli nao unachangia. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024 kutoka Miami, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Ni mji kamili, na watu huinunua kwa ajili ya meli, si kwa ajili ya bandari. Meli ndogo huingia bandari ambazo hizo kubwa haziwezi, na kushuka ni haraka. Lakini meli ndogo pia mara nyingi haina chumba cha watoto, au ina kimoja kinachofunguliwa kwa saa chache. Mkiwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu, uliza mapema: vilabu vingi vya watoto huanzia miaka mitatu na aliyekwisha kuacha nepi. Mtoto wa chini ya miezi sita huwa hakubaliwi melini kabisa, na mama mwenye mimba ya wiki 24 au zaidi vilevile.

Kama bibi anakuja nanyi, mchukulieni kebini iliyo karibu na lifti. Kwenye meli kubwa ukumbi ni mrefu kama barabara ya mtaa.

Njia ya karibu zaidi na nyumbani

Mediterania si lazima. Kuanzia takriban Novemba hadi Machi, joto likipungua, kumekuwa na meli zinazozunguka Ghuba kutoka Dubai, Abu Dhabi au Doha. Kwa Mkenya ndege ni moja tu, Nairobi hadi Dubai, na Wakenya wengi wana ndugu wanaofanya kazi kule. Unaweza kulala kwa shangazi siku mbili kabla ya kupanda meli, jambo ambalo pia linakuokoa ndege ikichelewa.

Ikiwa ratiba hiyo inapitia Muscat, ichukue kwa mikono miwili. Meli inatia nanga Port Sultan Qaboos, basi la bandari linakufikisha getini, na kutoka hapo unatembea kando ya bahari hadi soko la Mutrah: ubani, vitambaa, majambia, halua. Hakuna haja ya mwongozaji. Na kuna kitu ambacho hakimo kwenye tangazo lolote. Oman ina familia nyingi zilizotoka Zanzibar na pwani yetu, na Kiswahili bado kinasemwa majumbani. Ukimwamkia mzee dukani kwa "Shikamoo", usishangae akijibu "Marahaba" na bei ikashuka.

Tahadhari moja. Hali ya usalama katika Bahari ya Shamu na Ghuba imevuruga ratiba za meli nyingi tangu mwisho wa 2023. Mkataba wa safari humruhusu nahodha kuruka bandari au kuibadilisha, na mara nyingi unachorudishiwa ni ada ya bandari hiyo tu. Kwa hiyo usinunue safari ya siku saba kwa sababu ya bandari moja.

Na kama ukisoma haya yote unahisi kwamba meli kubwa si yenu, pia ni sawa. Jahazi la kukodi Lamu kwa siku mbili, nahodha anayejua samaki wanapatikana wapi, nyinyi peke yenu ndani. Wapo wanaotoka huko wameridhika kuliko waliotoka Barcelona.

Dola 600 ni ngapi?

Turudi kwa mama wa Nakuru. Tulikaa naye na kikokotoo. Tarakimu hizi ni za mfano tu, ila vipengele ni vya kweli, utavikuta kwenye karibu kila safari.

Bei ya dola 600 huwa ni kwa mtu, wawili wakiwa kebini moja. Watoto wawili wakilala chumba kilekile mara nyingi hulipa pungufu, tuseme dola 250 kila mmoja. Hiyo ni 1,700. Ada na kodi za bandari, tuseme 120 kwa kila mtu, ni 480 nyingine. Kuna pia ada ya huduma, yaani bakshishi ambayo imeshawekwa kwenye bili kila siku. Tukikadiria dola 14 kwa mtu kwa siku, watu wanne kwa siku saba ni 392. Jumla ni dola 2,572. Tukihesabu dola kwa Sh130 ili iwe rahisi, ni Sh334,360. Tangazo lilikuwa limemfanya afikirie Sh78,000 mara nne, 312,000, na watoto wakipungukiwa hata chini ya hapo. Na bado hatujataja ndege, viza, bima, soda na intaneti.

Hapa ndipo kujipangia kunalipa. Ziara tatu za meli kwa dola 70 kwa mtu zingekuwa dola 840, zaidi ya Sh109,000. Treni ya kwenda Pompeii kwa watu wanne ni sehemu ndogo sana ya hiyo. Ushauri wetu: nunua ziara ya meli pale tu ambapo mji uko mbali na bandari na kuchelewa ni hatari, na pengine pote tembea mwenyewe. Kwa ratiba nyingi hiyo ni ziara moja kwa wiki.

Viza kwanza, malipo baadaye

Tunajua inauma kuacha bei nzuri ipite. Lakini mwenye pasipoti ya Kenya hawezi kununua meli kama anavyonunua tikiti ya SGR. Kwa Mediterania utahitaji viza ya Schengen. Ada ya ubalozi tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12. Wa chini ya miaka 6 halipi. Mtoto wa miaka 14 analipa kama mtu mzima, hilo huwashangaza wengi. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000.

Mtego uko kwenye ratiba. Meli ikitoka Italia ikagusa Tunisia au Uturuki kisha ikarudi Italia, umetoka Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, unahitaji ya mara nyingi. Ni vivyo hivyo meli ikitoka Dubai ikaenda Oman na kurudi. Abiria asiye na karatasi kamili hukataliwa gatini siku ya kupanda, na nauli hairudi. Mpe wakala ratiba nzima, bandari kwa bandari, na uulize kwa maandishi. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya idhini ya yule mwingine.

Jinsi ya kutuma hizo pesa

Safari nyingi hulipwa kwa awamu mbili: amana ya kushikilia nafasi, halafu salio, mara nyingi siku 60 hadi 90 kabla ya safari. Uliza amana inarudishwa au la, kwa sababu zile bei za chini kabisa mara nyingi amana yake hairudi. Baada ya tarehe ya salio, ukighairi unapoteza sehemu inayozidi kukua kadiri siku zinavyokaribia. Ndiyo maana tunasema amana isilipwe kabla hujajua tarehe yako ya miadi ya viza, na usiilipe kwa mkopo wa simu. Mkopo wa siku 30 haufai kwa safari ya miezi minane ijayo.

Ukilipa kupitia wakala wa hapa Kenya, thibitisha kwamba ana leseni ya Tourism Regulatory Authority, na ulipe kwenye paybill au till ya kampuni. Jina likitokea kabla ya kuweka PIN, lisome. Kama kampuni inaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama. Tumesikia kila sababu: akaunti ya kampuni ina shida leo, tuma kwa namba ya meneja, bei inaisha saa sita usiku. Pesa uliyoituma mwenyewe kwa hiari, kwa mtu uliyekusudia, ni ngumu sana kurudisha. Huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea namba, na hata hapo inategemea kama pesa bado ziko kwenye akaunti ile. Baada ya kulipa, dai namba ya nafasi na uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Ikionekana kwa jina lako, basi ipo.

Kumbuka kikomo. Tangu 2023 muamala mmoja wa pesa za simu nchini unaishia Sh250,000 na salio la akaunti Sh500,000. Zile Sh334,360 haziendi kwa mkupuo mmoja. Zigawe, na usingoje jioni ya siku ya mwisho, mtandao ukisumbua utajilaumu.

Ukilipa moja kwa moja kwenye tovuti ya nje, kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako itafanya kazi kwa amana na salio. Tovuti ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dola, chagua sarafu ya safari yenyewe, kisha linganisha. Ile bei ya shilingi ambayo tovuti inakupigia hesabu mara nyingi ina faida ya mtu katikati.

Melini ni habari nyingine. Huko hakuna anayelipa kwa noti. Unapewa kadi ya chumba, kila soda inaandikwa humo, na siku ya kwanza meli inashikilia kiasi fulani kwenye kadi yako ya benki kama dhamana. Kadi za mtandaoni ambazo namba yake ya usalama hubadilika kila mara zinaweza kukataliwa hapo. Na kama ni kadi ya akaunti ya kawaida, kiasi kilichoshikiliwa huwezi kukitumia, hata kama hujanunua kitu. Familia inaweza kujikuta Naples ina pesa na haina. Ama mje na kadi mbili, moja ya meli na moja ya mjini, ama muulize mapokezi kama mnaweza kuweka pesa taslimu kama dhamana. Meli nyingi hukubali. Waombe pia wazuie kadi za watoto zisinunue, au waziwekee kikomo. Mchezo wa video melini haujui huruma.

Jambo la mwisho ni lile watu hugundua wakiwa katikati ya bahari. Namba ya uthibitisho ya malipo hutumwa kwa SMS. Mbali na nchi kavu simu yako hushika mtandao wa meli unaopitia setilaiti, ambao huwa nje ya vifurushi vya kawaida vya kusafiria na bei yake ni ya kutoa machozi. Weka simu kwenye hali ya ndege meli inapong'oa nanga, na kila malipo yanayohitaji SMS, iwe tikiti ya treni ya kesho au karo ya mtoto aliyebaki nyumbani, yafanye ukiwa bandarini. Washa roaming kabla ya kutoka Kenya. Ukiwa tayari huko, kuiwasha ni kazi.

Usiku wa kuamkia siku ya kushuka, bili yote hutokea kwenye runinga ya chumba au kwenye programu ya meli. Isome mstari kwa mstari na upeleke malalamiko mapokezi usiku huohuo, foleni ya asubuhi huwa hadi kwenye ngazi. Na ukifika nyumbani ukaona kiasi kile cha dhamana bado hakijarudi, ngoja siku chache za kazi kabla ya kupiga simu benki. Huwa kinachukua muda kuachiliwa. Kikipita wiki mbili, piga.